Mkebe hauna kolestroli, lakini damu yako je?

Kabla hujaendelea na makala haya, hebu nenda jikoni uchukue mkebe au chupa ya mafuta unayopikia. Tazama upande wa mbele. Aghalabu utakuta maandishi makubwa yanayosema kwamba mafuta hayo hayana kolestroli. Sasa geuza usome yale maandishi madogo ya nyuma. Ukibahatika kuyaona bila miwani, huenda ukakuta yametengenezwa kwa mawese, au yameandikwa tu kuwa ni mafuta ya mimea.

Maneno ya mbele ni ya kweli. Kolestroli, ambayo wengine huiita lehemu, hutengenezwa na miili ya wanyama na binadamu. Mimea haina, au ikiwa nayo ni kidogo mno kisichostahili kuhesabiwa. Kwa hivyo kumwambia mnunuzi kwamba mafuta ya mimea hayana kolestroli ni sawa na kumwambia kwamba maharagwe hayana mifupa. Jambo ambalo mkebe haukwambii ni hili: sehemu kubwa ya kolestroli iliyomo katika damu yako haikutoka sahanini. Iliundwa na mwili wako mwenyewe, hasa ini, na ndani ya mafuta hayo hayo kuna kitu kinachoifanya irundikane katika damu badala ya kuondolewa. Kitu hicho huitwa asidi ya palmitiki, nacho ndicho tutakachokizungumzia wiki hii.

Asidi hii ni nini?

Mafuta yote tunayokula, yawe ya ng'ombe, ya alizeti au ya nazi, yameundwa kwa asidi za mafuta. Usiogope neno asidi, kwani hatuzungumzii ile ya betri ya gari. Hizi ni minyororo ya kaboni iliyozungukwa na haidrojeni. Mnyororo wa palmitiki una kaboni 16, na kila kaboni imebeba haidrojeni kadiri inavyoweza, ndiyo maana wataalamu huiita asidi iliyoshiba. Mnyororo ulioshiba hunyooka kama ufito, na fito zilizonyooka hupangika zikashikana. Palmitiki ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka joto lifike takriban nyuzi 63. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni na parachichi, ina kaboni 18, lakini mnyororo wake umepinda katikati kama kiwiko, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Hapo ndipo panapotofautisha mafuta yanayoganda kwenye mkebe na yale yanayobaki maji.

Mkemia Mfaransa Edmond Frémy aliitambua asidi hii mwaka wa 1840 katika mafuta ya mawese, na jina lake likatokana na jamii hiyo ya miti, yaani michikichi na minazi. Katika kila gramu 100 za asidi zinazounda mawese, takriban 44 ni palmitiki. Siagi na mafuta ya ng'ombe huwa na kama robo. Mafuta ya mahindi na ya soya yana kama 11, na ya alizeti kama 6. Mafuta ya nazi yana 8 au 9 tu, lakini ndugu zangu wa Pwani wasiharakishe kupiga vigelegele, kwa maana karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi nyingine iliyoshiba, lauriki, ambayo nayo hupandisha kolestroli.

Mchikichi ni mti wa Afrika, asili yake ni magharibi na kati ya bara hili. Watu wa Kigoma na wa Kongo wamepikia mawese mekundu tangu zamani. Mawese yanayopikiwa katika miji yetu kwa wingi hupitia bandari ya Mombasa yakitoka Malaysia na Indonesia, nayo husafishwa kwa joto kali mpaka wekundu wote ukatoweka. Inasikitisha, kwa sababu wekundu ule ni karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiwanda huondoa karotini kikaiacha palmitiki.

Haya yote hayaifanyi palmitiki kuwa sumu. Robo moja hivi ya mafuta yaliyomo katika maziwa ya mama ni palmitiki, na miili yetu huihitaji kujenga kuta za seli. Kuna jambo moja la ajabu hapa ambalo akina mama wanafaa kulijua. Katika maziwa ya mama, sehemu kubwa ya palmitiki hukaa katikati ya umbo la mafuta, ikishikiliwa pande zote mbili, na mtoto huifyonza vizuri. Katika mawese hukaa pembeni. Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo yaliyotiwa mawese huifungua ile palmitiki ya pembeni tumboni, ikashikana na madini ya kalsiamu na kufanya kitu kama sabuni, na matokeo yake ni choo kigumu na kalsiamu inayopotea bure.

Palmitiki na ini

Kolestroli haitembei katika damu peke yake. Hupakiwa katika vifurushi vidogo, na vifurushi vinavyotutia wasiwasi ni vile viitwavyo LDL. Ini lina milango maalumu ya kuvipokea vifurushi hivi na kuviondoa katika damu. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985 kwa kugundua milango hiyo na namna inavyofanya kazi. Mtu anapokula asidi zilizoshiba kwa wingi, milango hupungua. Vifurushi vikikosa pa kuingia huendelea kuzungukazunguka katika damu kama magari yanayotafuta pa kuegesha katikati ya Nairobi, na vingine huishia kupenya kuta za mishipa. Humo hugeuka kuwa uvimbe wa mafuta, na siku uvimbe huo utakapopasuka damu itaganda juu yake. Ukiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Safari hiyo huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi, na haina maumivu yoyote. Hakuna dalili ya kolestroli nyingi. Kuumwa na kichwa si dalili yake, wala uchovu, wala miguu kuwaka moto, ingawa kila wiki ninaambiwa hivyo na wagonjwa. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachosema.

Si asidi zote zilizoshiba zilizo sawa. Asidi ya stiariki, ambayo ina kaboni 18 na hupatikana kwa wingi katika kakao na mafuta ya ng'ombe, haipandishi LDL. Palmitiki huipandisha. Mwaka wa 2015 watafiti walikusanya majaribio ambayo watu walilishwa mawese na baadaye mafuta ya mimea yenye asidi chache zilizoshiba. Wakati wa mawese LDL yao ilikuwa juu kwa milimoli 0.24 katika kila lita ya damu. Je, hiyo ni nyingi? Majaribio makubwa ya dawa yanaonyesha kwamba kuishusha LDL kwa milimoli 1 hupunguza visa vya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 22. Ukipiga hesabu, tofauti ya 0.24 ni kama asilimia 5. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa mji mzima unaopikia mafuta ya aina moja asubuhi, mchana na jioni, ni majeneza mengi.

Mwalimu na mkebe wake

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa miaka hamsini na kitu, alinijia akiwa na karatasi ya maabara. LDL yake ilikuwa 4.3. Kwa mtu mzima asiye na maradhi tungependa iwe chini ya 3.

"Daktari," akaniambia, "hawa watu wa maabara wamekosea. Nyama ya mafuta sili. Mayai niliacha mwaka jana. Na mafuta yangu ya kupikia hayana kolestroli, nimesoma mwenyewe."

Nikamwuliza, "Mwalimu, mkebe wenu ni wa kilo ngapi, na hukaa siku ngapi?"

Mkebe ulikuwa wa kilo 2, nyumbani wako watano, na hukaa wiki mbili. Tukapiga hesabu pamoja. Ni kama gramu 28 kwa kila mtu kila siku, yaani vijiko viwili vikubwa. Nusu ya mawese ni asidi zilizoshiba, kwa hivyo kila mmoja wao alikuwa akila gramu 14 kutoka kwenye mkebe pekee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, linashauri asidi zilizoshiba zisizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku hizo ni gramu 22. Mwalimu alikuwa amebakiwa na gramu 8 za kugawanya kati ya maziwa ya chai, mandazi ya saa nne kazini na nyama choma ya Jumapili. Mayai aliyojinyima hayakuwa na hatia kubwa. Yai moja lina gramu moja na nusu tu ya asidi zilizoshiba.

Alibadilisha mafuta na kuanza kupima kwa kijiko. Baada ya miezi mitatu LDL yake ilikuwa 3.8. Kwa kuwa alikuwa pia na shinikizo la damu, niliona haitoshi, nikamwandikia dawa.

Kisiwa kilichobadilisha mafuta

Kama kuna nchi iliyotufundisha jambo hili vizuri, ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi, Mauritius. Mwaka wa 1987 serikali ya kisiwa hicho iliamuru kwamba mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakiuzwa kwa wananchi, ambayo mengi yalikuwa mawese, yawe ya soya. Wananchi hawakulazimika kuhudhuria mikutano. Walinunua mafuta dukani kama kawaida. Kipimo cha mwaka wa 1987 kilionyesha wastani wa kolestroli yote katika damu ukiwa 5.5. Kufikia mwaka wa 1992 ulikuwa umeshuka hadi 4.7. Mafuta hayakuwa sababu peke yake, kwani kulikuwa na kampeni nyingine za afya wakati huo huo, na uvutaji sigara ulipungua. Lakini hii haikuwa panya wa maabara. Walikuwa watu wenye asili ya India, Afrika na China wanaokula wali, dengu na vitu vya kukaanga kama sisi. Na tusisahau upande wa pili: katika miaka hiyo hiyo watu wanene waliongezeka kisiwani. Mafuta ya soya yana kalori sawasawa na ya mawese.

Jaribio jingine linalonipendeza lilifanyika Uppsala, Sweden, na kuchapishwa mwaka wa 2014. Vijana 39 wasio wanene walipewa keki ndogo za kula kila siku kwa wiki saba, juu ya chakula chao cha kawaida. Keki za kundi moja zilikuwa na mawese, za kundi la pili zilikuwa na mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawa, kama kilo moja na nusu. Walipopimwa kwa mashine, wale wa mawese walikuwa wameongeza mafuta zaidi katika ini na ndani ya tumbo, ilhali wale wa alizeti walikuwa wameongeza nyama zaidi. Mizani haikuona tofauti hiyo. Mafuta katika ini si jambo la kupuuza, kwa sababu ini lenye mafuta huanza kupuuza insulini, na huo ndio mlango wa kisukari cha ukubwani. Ndani ya seli za misuli na za ini, palmitiki ikizidi hutengeneza vitu vinavyozuia ujumbe wa insulini usifike.

Kuhusu saratani, mwaka wa 2021 wataalamu wa Barcelona, Hispania, walionyesha kwamba palmitiki huzifanya seli za saratani ya mdomo na ya ngozi zisambae zaidi mwilini mwa panya, ilhali oleiki haikufanya hivyo. Ni utafiti wa kuheshimiwa, lakini ni wa panya. Mtu akikuambia kwamba chapati ya jana imekupa saratani, mwambie apunguze chumvi katika maneno yake.

Palmitiki isiyotoka kwenye mafuta

Hapa ndipo wengi hupotea. Msomaji mmoja akisoma haya ataamua kuacha mafuta kabisa, ajaze sahani ugali, aongeze mkate mweupe na kushushia kwa soda. Atakuwa hajafanya kitu. Ini likipata wanga na sukari kuliko linavyoweza kutumia au kuhifadhi, hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta, na mafuta ya kwanza linayotengeneza ni palmitiki yenyewe. Pombe nayo huliletea ini mafuta. Ndiyo maana nikikuta mgonjwa aliye na palmitiki nyingi katika damu, siwezi kujua mara moja kama alikula mawese au alikunywa soda tatu kwa siku.

Hilo pia ndilo linaloeleza ugomvi unaousikia katika magazeti na redio kila baada ya miaka michache, kwamba wataalamu wamegundua mafuta yaliyoshiba hayana neno. Ukichunguza tafiti hizo utaona kwamba waliopunguza mafuta yaliyoshiba na kuweka wanga mweupe na sukari hawakufaidika. Waliopunguza na kuweka mafuta ya alizeti, soya, karanga na mengine ya namna hiyo walifaidika. Kwa maoni yangu ugomvi huo ungeisha mapema kama kila aliyeuliza swali angemalizia kwa kuuliza: badala yake amekula nini?

Jikoni ufanye nini

Usidanganywe na umaji wa mafuta. Mawese yakitengwa kiwandani hutoa sehemu nzito na sehemu ya maji, na ile ya maji huwekwa katika chupa zinazong'aa na kuuzwa kama mafuta ya mimea. Bado ina palmitiki kama 40 katika kila 100. Wanaoishi Nairobi, Limuru au Nyahururu wana kipimo cha bure: asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, tazama chupa. Ikiwa imefanya ukungu au uji mweupe chini, jibu umelipata. Mombasa hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hivyo tia kidogo katika glasi uweke ndani ya friji usiku mmoja, mbali na barafu. Mafuta ya zeituni nayo hufanya ukungu katika friji, hayo yasikutie hofu. Wale wanaonunua mafuta ya kupima dukani, ambayo hayana maandishi yoyote, wanaweza kutumia njia hiyo hiyo.

Najua utasema alizeti ni ghali. Ni kweli, na sitakuhubiria ununue usichokimudu. Kama mfuko hauruhusu, baki na mafuta yako lakini punguza kiasi. Sukuma wiki ya watu wanne inatosheka na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Wengi humimina kutoka kwenye chupa kwa macho, na macho siku zote humimina vijiko vitatu. Chapati inaweza kuchomwa kwenye kikaango kikavu na kupakwa mafuta kidogo mwishoni. Maharagwe, ndengu na samaki wa kuchemsha hawahitaji kuogelea. Chipsi na viazi karai viwe vya siku moja moja, hasa vile vya kibandani ambako mafuta yamekaangiwa tangu asubuhi mpaka yakawa meusi kama ya injini.

Kuna aina moja ya mafuta ambayo ni mabaya kuliko palmitiki, nayo ni yale ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni nusunusu. Hayo hupandisha LDL na wakati huo huo kushusha ile kolestroli nzuri iitwayo HDL. Ukikuta kwenye karatasi ya biskuti au majarini kwamba mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu, irudishe rafuni. Viwanda vingi duniani viliyaacha mafuta hayo na kuchukua mawese, kwa sababu mawese huganda yenyewe bila kutiwa kitu. Yalikuwa mabadiliko mazuri, ingawa hayakutufikisha mbali.

Watoto walio chini ya miaka miwili usiwapunguzie mafuta. Ubongo wao unakua na unayahitaji, na maziwa ya mama yana sababu ya kuwa na mafuta mengi.

Wewe uliyepita miaka 40, au uliye na kisukari, shinikizo la damu, au mzazi ama ndugu aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya uzee, omba upimwe mafuta ya damu. Mara nyingi si lazima ufunge kula kwa kipimo cha kwanza, ila maabara ikikuambia ufunge, funga. Uliza LDL yako ni ngapi, si kolestroli yote tu, na uiandike mahali ambapo hutaipoteza. Kama tayari umeandikiwa dawa za statini, usiziache kwa sababu umebadilisha mafuta jikoni. Endelea nazo, rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kisha daktari wako ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe, iongezwe au ibaki ilivyo.